RAM Niliyoichomoa

Haya nimeyaanza mara tatu nikayaacha. Sijui kama nitayaeleza sawasawa.

Nina ofisi ndogo ya kuchapa na kutoa kopi, Nyamagana. Anayenichapia ni mama aliyenizidi umri. Kila asubuhi mimi ndiye ninayemwamkia shikamoo. Nilipomletea kompyuta yenye prosesa mpya nilijisifu kwa kila mteja. Baadaye kompyuta yangu ya nyumbani ikawa inakwama. Nikachomoa RAM moja, kale kabamba ka kumbukumbu, kati ya mbili za ile ya ofisini, nikaipachika kwangu. Nilijiambia prosesa ndiyo injini, RAM ni nyongeza tu.

Wiki hiyohiyo akaja mwanachuo wa Butimba na ripoti yake, picha tele, inatakiwa chuoni saa kumi. Mama akibonyeza, ukurasa unaganda. Foleni ikakua.

"Mama, vidole vimezeeka?" nikasema, watu wakisikia. Wakacheka.

"Bosi, mimi naisubiri mashine," akajibu bila kuinua macho.

Ripoti ilitoka saa kumi imeshapita. Mwanachuo aliondoka bila kuaga.

Kesho yake nikamwita fundi. Akaifungua, akauliza RAM ya pili iko wapi. Nikakiri. Akasema prosesa ni nzima, ila kazi haienei kwenye RAM iliyobaki, basi kila mara vitu vinafuatwa kwenye diski, na diski ni mbali.

"Ni mpishi mwepesi, lakini kila akitaka chumvi lazima avuke na kivuko hadi Sengerema. Muda mwingi amekaa tu."

"Halafu anaambiwa amezeeka," mama akasema.

Kwa haki, naye hana kasi ya wasichana, na hurudi nyuma mno kusahihisha. Lakini siku ile kosa halikuwa lake hata chembe.

RAM nikairudisha. Radhi nikamwomba, ila kwa sauti ya chini, wateja wakiwa hawajafika. Kumkejeli nilimkejeli mbele za watu.

Jana yule mwanachuo alirudi na mwenzake. "Usimpe huyu mama, mzito," akamwonya, mama akisikia.

"Siku ile mashine ndiyo ilikuwa na shida," nikasema.

Ni kweli. Mama akaacha kuchapa, akanitazama nimalizie. Nikainama, nikajifanya napanga karatasi.