Kitunga cha Kula Nyumbani

Nakumbuka siku moja ya soko, mwanangu, ambayo mgongo wangu mwenyewe ulinisema mbele za watu. Nilikuwa msichana mwenye kimbelembele, nikitoka shambani Mboko pamoja na bamama, vitunga mgongoni. Pale bariyerini, kwenye kizuizi cha ushuru, kila mzigo wa kuuza ulilipiwa takse. Kitunga kimoja cha chakula cha nyumbani ndicho kilichosamehewa: unasema "ya kula," unapita, hakuna wa kukipekua.

Basi shangazi yangu, mchuuzi wa mawese, akaniomba nifiche bido lake, dumu la mafuta, chini ya majani ya sombe kitungani mwangu. Aliniahidi kitenge. Nami kwa tamaa yangu nikakubali! Kumbe kifuniko kimelegea. Nikasimama mbele ya mtoza takse nikisema "ya kula," huku mafuta mekundu yananichuruzika mgongoni.

"Ah! Sombe ya siku hizi inatoka mawese?" akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akamwaga vitunga vya bamama wote, akawatoza wote. Mjane aliyekuwa nyuma yangu hakuwa na franga hata moja. Akaacha nusu ya mihogo yake pale chini, na watoto wanamngoja. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini mimi niliwalisha hata wasio wa kwetu.

Nyanya yangu hakunipiga. Alisema tu: "Weye mutoto, unajua juu ya nini ile kitunga inapitaka bure? Haiko juu ya sombe. Ni juu ya kinywa ya bamama. Bakisema ya kula, iko ya kula. Utarudi kusema kweli pale pale."

Nikarudi. Haya ilinichoma, lakini nikarudi, bido kichwani, wazi, nikalilipia takse. "Kosa ni yangu," nikamwambia mtoza takse. "Bamama habakujua kitu." Akanifukuza, akaendelea kuwapekua bamama. Soko lililofuata nikarudi tena, na lingine tena. Sikubanduka! Soko la nne mjane alisema "ya kula," akapita. Mimi mtoza takse aliendelea kunipekua msimu mzima wa mihogo, na sikununa.

Mwanangu, kitu kikisamehewa takse, kimesamehewa kwa ile kazi yake, kulisha nyumba. Ukikigeuza biashara, kilipie. Usijifiche nyuma ya chungu cha mjane. Mungu akupe kitunga kizito, mgongo wa kukibeba, na neno ambalo watu wakilisikia watakufungulia njia.