Pamba Nyuma ya Kiti

Mume wangu, Osanai Kanekichi, hana adui duniani isipokuwa tundu. Kwetu Tsugaru, kaskazini mwa Japani, kabla theluji haijaanza, kila nyumba huzungushiwa mbao na kila ufa huzibwa, na yeye huwatangulia majirani wote. Amezeeka akilima matufaha na kuziba matundu. Kwa hiyo alipoamua kupunguza kelele za kipikapu chetu, ambacho injini yake iko chini ya makalio yetu na hunguruma kama mashine ya kusaga, sikushangaa wala sikumuuliza sababu.

Alibandika sponji milangoni na kwenye paa, akatandika mpira sakafuni. Kisha akagundua nyuma ya kiti kuna matundu mawili yanayopitisha upepo. Alichana godoro letu la harusi, akashindilia pamba yake humo.

"Sikiliza, Mama," akajisifu. "Kimya kama kaburini."

"Kaburini tangulia wewe, Baba. Mimi nina kazi."

Siku moja ya Januari tulikuwa tunarudi kutoka kupeleka matufaha, tukipita juu ya tuta la mto, upepo ukainua theluji ya mashambani. Mbele pakawa peupe. Hilo tumelizoea, mtu huenda polepole akifuata nguzo za kando ya barabara. Lakini vioo vikaingia mvuke kwa ndani, na mvuke ukaganda. Nikafuta kwa kitambaa changu cha kichwa, ukarudi. Feni ya hewa ya moto ilizunguka kwa nguvu zake zote, ila nilipoweka mkono pale mbele sikuhisi hewa.

"Simama, Baba!"

"Nikisimama, wa nyuma atatupanda!"

"Kwani unaona unakokwenda?"

"Sioni."

Kushoto kwangu kulikuwa na mteremko, na chini yake mto. Halafu nikakumbuka tingatinga la kusukuma theluji, ambalo hupita hapo mchana kutwa. Kengele yake husikika mbali, lakini ndani ya kimya kile tusingeisikia. Nikashusha kioo kidogo nichungulie. Theluji ikanijaa usoni, na papo hapo hewa ya moto ikavuma mbele. Ndipo nikaelewa: hewa haikuwa na pa kutokea, ndiyo maana ilikataa kuingia.

"Pamba yako, we mzee! Umetuziba pumzi!"

Nikapiga magoti juu ya kiti, nikapenyeza mkono nyuma, nikanyofoa. Ukucha mmoja ukang'oka. Kioo cha mbele kikaanza kusafika kuanzia chini, upana wa kiganja tu, na hapo nikaona taa ya njano ikizunguka mbele yetu. Tulikuwa upande wake wa barabara.

"Kushoto! Baba, kushoto!"

Akakata usukani. Tingatinga likapita likiondoka na kioo chetu cha pembeni. Tulisimama kwenye kibanda cha pampu ya maji, yeye bado ameung'ang'ania usukani.

"Kelele zilikukera nini hata utake kutuua?" nilimfokea huku nalia.

Akauachia usukani.

"Masikio yangu yanakwisha, Mama. Sauti yako ndiyo inayopotea kwanza. Nilitaka nikusikie tukiwa njiani."

Pamba ilikuwa imetapakaa miguuni, na ngurumo ya injini ilikuwa imerudi kupitia matundu yale. Nikamwambia twende nyumbani.

Akaniinamishia sikio. "Unasemaje?"