Ata na Siga Isiyo na Pete

Siga moja ambayo mjomba wangu alikuwa ameilea kama mtoto mchanga, mimi niliitwanga kwenye kinu cha tangawizi nikampa nyanya aitafune. Nimesema. Sasa kaeni niwaeleze, kwa sababu ukisikia hivyo bila maelezo utadhani mimi ni mjinga, na ukisikia na maelezo utakuwa na uhakika.

Kwanza, siga si sigara. Ukimwambia mjomba "sigara" atakuangalia kama mtu aliyeita ngamia mbuzi mrefu. Siga ni majani matupu ya tumbaku, yamekunjwa kwa mkono mpaka yakawa nene kama kidole gumba, na kiunoni ina pete ya karatasi yenye rangi za bendera. Mjomba ni dereva wa watalii mbugani, na wako wageni ambao wakishaonyeshwa chui humpa siga pamoja na asante. Madereva wenzake huziuza mjini. Yeye huzilaza kwenye sanduku la mbao lililokuwa la majani chai, na ndani ameweka kisahani cha sabuni chenye sponji ya maji, maana upepo wa Isiolo hukausha hata mate mdomoni, na siga ikikauka hupasuka na kuwaka kama karatasi ya choo.

Anaishi nasi, kwenye chumba cha karibu na geti. Huvuta moja tu, Jumapili, nyuma ya tangi la maji, kwa sababu sheria ya mama ni kwamba moshi hauvuki mlango. Hamezi moshi. Huuweka mdomoni, anaangalia juu kama mtu anayetafuta jina la mwalimu wake wa darasa la pili, halafu anatangaza: "Inaanza na kahawa. Ngoja... ngoja... sasa ni kiatu kipya."

Mimi sivuti. "Pua ni yako, moto ni wangu," aliniambia siku ya kwanza, na hapo hana mchezo. Kazi yangu ni kunusa zile ambazo hazijawashwa na kusema ninachosikia. Mwanzoni nilikuwa nasema zote zinanuka soksi za bweni, tukacheka. Lakini siku moja nilinusa moja nikasema bila kufikiri, "Hii ni mbao iliyonyeshewa." Mjomba akasimama, akanipa mkono kama mtu mzima. Shuleni sijawahi kupewa mkono kwa lolote, isipokuwa kwenye matako. Tangu siku hiyo namheshimu vibaya sana. Nani mwingine mtaani kwetu anaweza kukuambia majani mawili makavu yanatofautiana wapi, na ukinusa tena ukakuta ni kweli?

Sasa, mjomba ana rafiki, mpishi wa hoteli fulani Nanyuki, mgonjwa wa ugonjwa huo huo. Walikuwa wamebishana kwenye simu hadi bando zikaisha. Mpishi alikuwa na siga ya Nikaragua ambayo aliapa hakuna ya kuishinda. Mjomba alikuwa na ya Kuba, nyeusi, inang'aa kama imepakwa mafuta, aliyopewa na mtalii mzee aliyesema imelala sandukuni miaka mingi kuliko umri wangu. Wakakubaliana mpishi aje Jumamosi, waonje zote mbili bila kujua ipi ni ipi.

"Nikishindwa," mjomba akasema, "sitaongea habari ya siga tena nyumba hii." Kwa mtu anayeongea kama redio ya kinyozi, hiyo ilikuwa kama kuweka shingo mezani.

Jumamosi ikafika. Mjomba akaenda steji kumpokea mgeni, mama akaenda sokoni, nami nikabaki na simu yangu. Ndipo boda boda ikamshusha Ata kutoka Ngaremara. Ata ni nyanya yetu, mama ya mama na ya mjomba, mwanamke mwembamba mwenye shanga mpaka kidevuni. Tukasalimiana, "Ejoka?" "Ejok noi," na kabla hajakaa akanyoosha kiganja.

"Etaba."

Etaba ni tumbaku, ya kutafuna, iliyosagwa na magadi. Kwetu Waturkana mzee akikunyooshea kiganja hivyo, hakuna jibu linaloitwa "sina". Lakini soko lilikuwa mbali, jua lilikuwa linachoma, na shetani wangu hukaa karibu. Nikaenda kwenye sanduku. Siga zote zilikuwa na pete za kifalme, isipokuwa moja nyeusi, haina kitu. Nikajiambia hii ndiyo ya bei rahisi. Nikaikata katikati, nusu moja nikaitwanga na magadi ya Ata, nikampelekea pamoja na nusu iliyobaki, kisha nikatayarisha kamera nimrekodi akitema. Hata kichwa cha video nilikuwa nacho tayari.

Ata akaweka chini ya mdomo. Hakutema. Alifumba macho.

"Hii imelala," akasema polepole. "Imelala na mti, mahali pa giza. Nani amekupa?"

Kabla sijatunga uongo, geti likalia. Mjomba na mpishi. Mjomba akamsalimia mama yake kwa heshima, akaingia chumbani kwake akiimba. Wimbo ukakatika katikati.

Alitoka na sanduku wazi. Pete alikuwa ameitoa mwenyewe asubuhi, ili mpishi asiitambue.

"Nani amegusa..." Akaona kinu. Akaona mdomo wa Ata unavyotembea. Nimeshaona watu wakikasirika. Mjomba hakukasirika, aliketi tu juu ya ndoo. Nilitaka ardhi inimeze na simu yangu.

"Anko, nilidhani ni ile ya rahisi," nikasema.

"Nyamaza, wewe!" Ata akanikata, kisha akamgeukia mwanawe. "Tumbaku kama hii iko nyumba hii, na mimi kila nikija unaninunulia ile ya sokoni yenye mchanga?"

Mpishi akaanza kuangalia kuku wetu kwa makini sana.

Ata akatafuna kidogo. "Mwanzo ni ngozi ya ndama. Halafu asali ya pori. Mwisho..." akanyamaza, "mwisho ni kibuyu cha maziwa kilichofukizwa jana."

Mjomba akainua kichwa. "Kibuyu," akasema. "Mama, hicho kitu cha mwisho nimekitafuta jina kwa miezi. Nikinusa tu nakisikia, sikijui. Ni kibuyu!" Ndipo nikaelewa ile pua aliitoa wapi.

Akapiga magoti mbele yake, akanyoosha kiganja kama mtoto. "Etaba, mama."

Ata alimwacha hapo kwanza. Kisha akachomoa kutoka kwenye shuka nusu iliyobaki, akampa.

Wakaikata ya mpishi pia ili zilingane. Nyuma ya tangi, wazee wawili wazima wakafumba macho, na Ata akawa ndiye wa kuwapa, mara hii, mara ile, akiwazungusha kama karata. Mwisho mpishi akainua mkono wa kulia wenye siga.

"Hii. Hii ndiyo." Akafumbua macho, akaona ni ya mjomba. "Aki ya nani, umenimaliza."

"Yako ni nzuri," Ata akamfariji, kwa sababu naye alikuwa ameonja kipande chake. "Ina haraka tu."

Mjomba aliongea habari ya siga mpaka mama akarudi, akatwanga tangawizi, akatengeneza chai, na mpishi akaisifu kwamba ina kitu cha ajabu kooni, akaomba kikombe kingine. Hapo ndipo mama alipoangalia kinu, akakinusa, akaniangalia mimi.

Alisubiri mgeni aondoke. Akasema, "Ndugu yangu amemficha mama kitu hiki miaka yote, na wewe mjinga ndiye umemwonjesha, kwa hivyo leo sikupigi. Osha kinu. Ukimaliza, nitamwita Ata anuse."