Udongo wa Ng'ambo ya Mfereji

Walimwita Magunia, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi. Kwenye ekari yake moja alivuna mahindi magunia ishirini, kwa mbolea ya dukani na dawa za kupulizia. Ng'ambo ya mfereji ilikuwa ekari ya mdogo wake wa kike, mkunga mstaafu. Yeye alitumia samadi, akapanda kunde katikati ya mahindi, akavuna kumi na manne.

Hapo Magunia angetulia. Lakini bwana shamba alipowaleta wakulima kujifunza, aliyapita mahindi ya Magunia akavuka mfereji. Huko waliinama, wakafinyanga udongo viganjani, wakasifu.

"Wanasifia tope," Magunia alimwambia mkewe. "Mimi nina magunia."

"Basi mbona umenuna?"

Mwaka uliofuata mvua ilikatika mahindi yakianza kubeba. Ya Magunia yalijikunja ndani ya wiki mbili. Ya mkunga yalibaki kijani, kijani cha kumkera mtu. Magunia alipata saba, mdogo wake kumi na moja.

Mchana mmoja, akidhani mkunga yuko sokoni, alivuka mfereji na jembe. Kwake jembe lilidunda kama limegonga sakafu. Hapa lilizama lote. Udongo ulikuwa mweusi, wenye unyevu, umejaa nyungunyungu. Alipiga magoti, akaunusa.

"Kaka, umepoteza nini?"

Magunia aliruka. "Nimemfuata kuku wangu."

"Chini ya ardhi?" Mkunga alicheka mpaka akaketi. Kisha akasema taratibu, "Mimi miaka kumi nimekuonea wivu, kaka. Kila mavuno nilikuwa nachungulia dirishani nikihesabu magunia yako, roho inaniuma."

"Wewe?"

"Mimi. Tena mpaka leo, mvua ikiwa nzuri."

Maneno hayo yalimpoza Magunia kuliko pole zote alizopewa. Akaomba samadi.

Msimu uliofuata aliimwaga nusu ya shamba, mbolea ya dukani akaipunguza bila kuiacha. Mvua ilinyesha vizuri, akapata kumi na saba. Akalalamika wiki nzima.

"Si urudie njia yako ya zamani?" mkewe alimwambia.

"Nirudi, ili jua likiwaka mdogo wangu anipite tena?" Akachukua panga, akaenda kufyeka majani ya kuozesha.