Jamvi Katikati ya Uwanja wa Gwaride

Waginah aliolewa kwa ndoa ya kadhi, mbele ya mashahidi wawili. Hilo lisemwe kwanza, maana watu wakisikia neno kambi hudhani mengine. Mumewe, Koplo Sastrodimejo, alilitumikia jeshi la Waholanzi pale Magelang, na wake wa askari waliishi humohumo ngomeni, kila familia na jamvi lake, pazia likiitenga na jirani. Jioni baragumu lilipolia, wanawake nao walihesabiwa kwa namba. Asiyekuwepo alifutwa orodhani, na aliyefutwa hakupanda meli na mumewe.

Kikosi kilikuwa kimeitwa Aceh, vitani. Kingeondoka Alhamisi, na Alhamisi hiyo iliangukia Pahing, mojawapo ya siku tano za juma la soko la Kijava, siku ileile aliyokufa baba yake Waginah. Siku kama hiyo Mjava hapiki hata karamu, sembuse kuanza safari. Koplo alimsihi anyamaze, kwani Waholanzi hawaijui Pahing. Akamjibu kwamba mauti yanaijua. Kubaki nako kulikuwa na aibu yake: mwanamke aliyeachwa kambini hupata mwanamume mwingine kabla jamvi halijapoa.

Jumatano alasiri, ukungu ukiteremka taratibu kutoka Mlima Sumbing, Waginah alikunja jamvi, akafunga wali kwenye jani la mgomba, akavuka kizingiti kwa mguu wa kulia bila kugeuka nyuma. Kwa Wajava siku huisha jua likizama, na Pahing ingeanza hapo. Atokaye kabla ya hapo ameshaanza safari siku nyingine. Alitembea kama mtu anayetembezwa na usingizi, mpaka katikati ya uwanja wa gwaride, mahali pasipokanyagwa na mwanamke. Akatandika, akaketi.

Sajini Sahetapy, Mkristo wa kisiwa cha Ambon mwenye sauti ya kuimbia kanisani, alimfikia na orodha mkononi.

"Mama Sastro, leo umekuwa mlingoti wa bendera?"

"Niko safarini, sajini."

"Safari gani, na lango nimelifunga mwenyewe?"

"Nyumba yangu ni jamvi na pazia. Nimeshatoka. Ukuta ni wenu, si wangu."

Sajini alitazama baraza ya nyumba ya kapteni. Taa ilikuwa haijawashwa. Baragumu likalia. Bibi Rukiyem, mpiga pasi wa makola ya maofisa, akatoka na jamvi lake kichwani, akisema mifupa yake pia haiipendi Pahing. Akafuata mwingine, kisha watatu pamoja, wakinong'ona na kuchekana.

Orodha ilikuwa na safu mbili tu: yupo, hayupo. Sajini alilamba ncha ya penseli, akaanza kuhesabu palepale ukunguni.

"Namba kumi na nne."

"Nipo," alisema Waginah.

Sajini akaandika. Jua lilizama nyuma ya mlima, na Waginah akahisi ardhi chini ya jamvi ikisogea polepole, kama meli ambayo hakuwahi kuiona.