Muziki wa Kumweka Baba Macho

Mlio ulinifikia nikiwa bado uani, mfuko begani. Ulikuwa mzito na mrefu, haupandi wala haushuki, ukitoka nyuma ya nyumba. Nilidhani ni transfoma ya mtaa inajiandaa kupasuka, maana kwetu Kolwezi transfoma huunguruma kwanza kabla ya kufa, kama wagonjwa wengine. Nikasogea mbali na nguzo ya umeme. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akanitazama nilivyojibanza ukutani.

"Njo yaya yako," akasema. "Iko natumika."

Kwetu yaya ni kaka mkubwa, na kutumika ni kufanya kazi; kazi yenyewe niliiona baada ya kuingia na macho kuzoea giza. Ilikuwa saa sita mchana, na yeye alikuwa ameziba dirisha la chumba cha nyuma kwa blanketi mbili na godoro kuukuu ili apate usiku. Usiku aliuhitaji kwa sababu alikuwa akitunga muziki wa kompyuta kwa ajili ya watu wanaoendesha magari gizani. Lakini usiku wa kweli ulipofika, umeme wa mtaa wetu ulikwenda migodini, basi ikambidi ajitengenezee wake, mchana, kwa blanketi. Muziki wake haukuwa na gitaa wala mwimbaji. Ulikuwa sauti pana zilizotandazwa moja juu ya nyingine, na chini yake pigo dogo la taratibu, ambalo alinieleza kuwa ni mistari myeupe ya barabara ikipita chini ya gari.

"Mistari gani?" nikamuuliza. Nilikuwa nimetoka masomoni Lubumbashi asubuhi hiyo, na njia nzima niliona malori yamefuatana pua kwa mkia, na vumbi.

"Ya mu kichwa," akajibu.

Kaka hakujua kuendesha gari. Usiku alikuwa amepanda gari mara moja tu, kwenda kwenye matanga, akiwa amebanwa kiti cha nyuma kati ya mama wawili wenye miili yao, na nje hakuona kitu. Hata hivyo alikuwa na wasikilizaji. Katika miji ambayo hatukuweza kuyatamka majina yake, watu walimwandikia kwamba muziki wake unawafanya wajisikie wako peke yao barabarani, na kwamba hilo ni jambo zuri sana. Nilipomfasiria mama, alisikitika.

"Peke yabo? Bamaskini. Habana ndugu?"

Dereva halisi wa usiku alikuwa baba. Alipeleka shaba mpakani kwa lori, safari ya siku nyingi, nusu yake ikiwa ni kungoja foleni. Zamani alifanya kazi kwenye mashimo ya mgodi wa Musonoi, na sisi tulikaa huko huko, ukingoni mwa shimo, mpaka nilipofika miaka kumi. Kisha tukahamia mjini. Ili asisinzie barabarani, baba alitafuna tangawizi na kusikiliza wahubiri. Alikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili, lakini wahubiri wake wote walikuwa Waprotestanti. Wale, alisema, wanajua kupigia mtu kelele.

Huyo baba ndiye aliyekuwa amemtafutia kaka nafasi kwenye mafunzo ya kuendesha magari makubwa ya kubebea mawe mgodini. Basi la kampuni lingewachukua wanafunzi Jumapili saa kumi alasiri, na atakayekosa basi amekosa nafasi. Kaka alijibu kwamba yeye ana kazi tayari. Wakabishana wiki nzima, kwa heshima, mpaka baba akatoa hukumu mezani.

"Unasema muziki yako ni ya bashofere ba usiku. Mi niko shofere ya usiku. Utanipa, nitaisikiliza mu kamio, kwenda na kurudia. Nikibakia macho, utabakia na chumba yako na sitasema tena kintu. Nikisinzia, Jumapili unaingia mu basi."

"Ukisinzia utakufa, tata," nikamwambia baba.

"Nikikufa, ni vile vile, anaingia mu basi."

Kaka akakubali. Siku tatu hakutoka chumbani ila kula. Alikuwa akiunda wimbo mmoja wa dakika arobaini, ambao ndani yake, kila baada ya muda, sauti moja ilipanda kutoka mbali, ikakaa juu, ikashuka polepole. Ilikuwa nzuri ajabu. Mimi nilikuwa nikiandika riwaya yangu ya kwanza, na katika daftari langu niliilinganisha na mambo mengi ambayo sasa naona haya kuyataja.

Jambo moja tulilishangilia sote wawili. Kila sauti ile ilipopanda, mama, popote alipokuwa, aliinuka akafungua madirisha. Alifungua la sebuleni, akafungua la chumbani kwake, kisha akashusha sahani kutoka juu ya kabati na kuziweka mkekani. Baadaye alizirudisha, akinung'unika kwamba leo hata hajui anatafuta nini. Kaka aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mama, ambaye hajawahi kumsifu mtu, anafungua ili majirani nao wasikie. Nami nikaiandika hiyo pia.

Baba akaondoka Jumatatu na wimbo wake kwenye flashi. Alirudi Jumamosi asubuhi, macho mekundu, akaketi bila kuvua koti. Mama akamwekea bukari, ugali wetu, na samaki wadogo. Sisi tulisimama mlangoni kama watu wanaongojea majibu ya mtihani.

"Sikulala," akasema baba. "Hata kidogo. Tangu nazaliwa, sijapata kubakia macho vile."

Kaka akaegemea ukuta. Nilimwona anajaribu kutotabasamu.

"Lakini unieleze," baba akaendelea, akikata bukari. "Ile kintu inapanda pale mu katikati. Ni nini?"

"Ni note moja, tata."

"Ni note ya wapi? Juu ya mulima, mbele ya Likasi, ikapanda. Nikasimamisha kamio mu katikati ya barabara. Nikafungua kioo ya huku, nikafungua ya kule, nikaziba masikio, nikangoya. Bale ba nyuma banapiga honi, banatukana mama yangu, mi nangoya tu. Sijui nangoya nini. Ikashuka, nikaenda. Kisha robo saa, ikapanda tena, nikasimama tena."

Mama aliacha kumimina maji. Akatazama madirisha, akatazama kabati.

"Sirene," akasema polepole. "Ile njo sirene ya mine."

Nikaelewa mara moja, kama mtu yeyote aliyekulia Musonoi angeelewa. Kabla ya kulipua mwamba shimoni, mlipuko tulioita mine, walipiga king'ora, na nyumba zote za ukingoni zilijua la kufanya: unafungua madirisha ili mshindo upite bila kuvunja vioo, unashusha vyombo, unawatoa watoto karibu na ukuta, unangoja. Tulifanya hivyo kwa miaka, huku tukizungumza mambo mengine.

Kaka akakiri. Alikuwa amemtembelea shangazi huko, akakirekodi king'ora kwa simu, kisha akakivuta mara nane, akakishusha, akakizamisha katika mwangwi, mpaka akawa na hakika kwamba mama mzazi wa king'ora hicho asingekitambua. Kweli, akili hazikukitambua. Mimi nilikisikia siku tatu na kukiandikia kurasa mbili. Lakini mikono ya mama ilikitambua tangu mara ya kwanza, na mguu wa baba ulikitambua juu ya breki.

"Muzuri," akasema baba. "Unashinda. Mi sina maneno mbili. Na bashofere benzangu babili beko nataka. Bale ba Musonoi."

"Banataka muziki?"

"Banataka ile sirene. Unaweza kuondosha bitu bingine byote, unaacha ile moja tu?"

Sijawahi kuona mshindi mwenye uso kama ule. Kaka aliketi. Kwa muda alichora duara mezani kwa kidole, katika maji yaliyomwagika, halafu akasema kwamba atakiondoa.

"Unaondosha nini?" mama akauliza.

"Ile sauti. Sikufanya muziki batu bangoye mine mu barabara, mama. Siku moja lori ya nyuma haitasimama."

"Sawa, baambie basifungue bioo ya kamio. Lakini we umeshinda. Ikala, ubakie hapa."

"Nimeshinda na sirene. Muziki yenyewe haiyashinda bado."

Baba aliweka kijiko chini. Nadhani alikuwa akimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye ufundi wake, kama seremala anayekataa kuuza meza yenye mguu mfupi. Lakini hakuwa mtu wa kupunguza masharti.

"Ukiondosha, ni kintu ingine ile. Tunaanza upya. Kesho kisha misa nitaisikiliza hapa mu kiti. Nikisinzia, basi ni saa kumi."

"Sawa, tata."

"We ni zoba," mama akamwambia mwanawe, yaani mjinga, bila hasira. Jioni ile alimfulia mashati mawili.

Usiku kucha hapakuwa na umeme. Kaka alifanya kazi kwa betri ya gari, gari ambalo hatukuwa nalo. Jumapili, baada ya misa na chakula, baba aliketi kwenye kiti chake, akavaa visikilizio vya kaka juu ya kofia ya kanisani, akakunja mikono kama afisa wa forodha. Ilikuwa saa tisa na robo. Kaka alibonyeza, akarudi nyuma.

Dakika ya kwanza baba alikuwa akitutazama mmoja mmoja, kwa ukali. Dakika ya pili alitazama ukuta. Kisha mikono ikafunguka yenyewe, ikashuka mapajani, viganja juu. Mama alikaa na mgongo umenyooka na hakufungua dirisha lolote. Sauti ilivuja kidogo pembeni mwa masikio ya baba, na nilisikia kwamba mahali pale palipokuwa na king'ora sasa palikuwa patupu, na kwamba pale patupu pamefanywa kwa uangalifu mkubwa kuliko kitu kingine chochote alichowahi kutunga. Kabla wimbo haujafika hapo mara ya pili, kidevu cha baba kilikuwa kifuani.

Mtu huyu alikuwa hajalala mchana tangu nimjue. Hata akiwa na malaria alikaa kitandani akihesabu mabati ya paa.

Mama akainama akamchungulia usoni. Halafu akamgeukia kaka, akanong'ona:

"Umuamushe. Mi nitasema hakulala. Na huyu atasema vile."

Huyu nilikuwa mimi, na ningesema.

 Kaka alichuchumaa mbele ya kiti, akasikiliza pumzi za baba kwa muda, kichwa kimeinamishwa, kama anavyosikiliza kitu ambacho bado hajaamua kukipunguza au kukiongeza. Akanyoosha mkono hadi kwenye kompyuta. Nilifikiri anazima. Aliongeza sauti kidogo sana, labda unywele mmoja, baba akashusha pumzi ndefu akazama zaidi.

Saa kumi kasoro dakika kumi honi ya basi ililia kona ya mtaa. Baba hakutikisika. Kaka alichukua mfuko wenye mashati mawili, akampa mama mkono, akanigusa kichwani. Akatoka kwa ncha za vidole, na akauvuta mlango kwa mikono yote miwili, polepole, hadi ukafunga bila kulia.