Jumamosi za Kuosha Cheni

Mume wangu ni fundi cherehani, na wanaomjua watakwambia hana maneno. Ni kweli. Ya kwake yote niliyachukua mimi siku tulipooana. Anashonea katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, mlango ukiwa wazi kwa barabara, nami hukaa naye humo nikitia vifungo, nikikunja mapindo na kuwajibu wateja maswali ambayo yeye huyajibu kwa kutikisa kichwa. Siku zote za wiki ni mtu wa sindano. Jumamosi tu, ikifika saa nne asubuhi, huifunika cherehani, akatoa chaki sikioni, akaenda kwenye ujia wa kuelekea jikoni kuiteremsha baiskeli.

Baiskeli si yake. Ni ya binti yetu, mtoto wetu wa pekee, ambaye mtaa mzima unamwita Tairi kwa sababu tangu utotoni hakwenda kwa miguu mahali ambapo gurudumu lingefika. Ni baiskeli ya milimani, yenye matairi ya meno na gia ambazo sijawahi kumaliza kuzihesabu. Alikuwa akipanda nayo kilima cha nyuma ya mji na kushuka kwa njia za mbuzi, anarudi ana tope mpaka kwenye nyusi, na mimi namfokea kwa ajili ya nguo. Miaka mitatu iliyopita alipata kazi ya kuwatunza wazee katika nchi ya mbali, akaondoka na mabegi mawili. Baiskeli ikabaki ukutani, imening'inia kwenye misumari mikubwa miwili, nasi tunapita chini yake kila tunapokwenda kuchukua chai.

Kabla ya kuondoka alimfundisha baba yake namna ya kuitunza cheni. Isuguliwe kwa mswaki wa zamani uliochovywa mafuta ya taa, ioshwe kwa maji ya sabuni, ikaushwe kabisa. Halafu pedali izungushwe kinyumenyume polepole, kila kiungo kipate tone moja la mafuta. Mwisho ifutwe vizuri kwa kitambaa, maana mafuta ya maana ni yale yaliyoingia ndani. Yanayobaki nje kazi yake ni kukaribisha vumbi. Mzee alishika yote isipokuwa hilo la mwisho. Na mafuta aliyotumia yalikuwa ya cherehani, kwa ukarimu, kama mtu anayemwagilia mchicha.

Matokeo yake cheni ilikaa wiki nzima inanata, katika nyumba ambayo hewa yake ni nusu nyuzi. Kila Jumamosi aliikuta imeota manyoya: ya bluu wiki ya sare za shule, meupe wiki ya maharusi. Nilimwambia siku moja cheni yake itahitaji kinyozi. Hakucheka. Alichuchumaa uani na beseni lake, akaanza kuisugua kiungo kwa kiungo, saa mbili nzima, na ole wako umwitie mteja.

Nilijua anachokitaka. Alitaka Tairi arudi, na si kwa kutembea, arudi kabisa. Alikuwa amejiaminisha kwamba baiskeli ikiwa tayari siku yoyote, basi siku yoyote mwenyewe atatokea mlangoni na kuidai. Mimi nami nilikuwa namtaka mwanangu, nilimtaka mpaka kifua kinauma, ila sikuwa na beseni la kuinamia. Nilikuwa na mdomo tu, nikautumia kumtania baba yake. Tairi akipiga simu nilimwambia sisi hatujambo, usituwazie, kula vizuri. Kila mara hayo hayo.

Kisha akapiga kusema anakuja kwa siku kumi, na kwamba anaitamani baiskeli yake kuliko chakula. Mzee akaiteremsha siku ile ile, nayo ilikuwa Jumanne. Akaichunguza kwa jicho la fundi, akaona kwamba cheni, ikiwa kwenye gia ndogo ya nyuma, inalegea na kuning'inia kidogo. Sasa, suruali ikilegea kiunoni fundi cherehani hufanya nini? Huipunguza. Akatafuta msumari na nyundo, akagonga pini, akatoa viungo vinne, akaunganisha tena. Cheni ikakaza, imenyooka kama mstari wa chaki. Akaniita nije nione, nami kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu nikamsifu. Hapo nami nina hatia yangu.

Tairi alikuja amekonda, amekata nywele, anacheka kicheko kile kile. Lakini siku kumi si kitu. Shangazi zake walimgombania, ofisi ya vitambulisho ikamla siku mbili, jino likamla moja, na kila jioni alirudi hoi. Baiskeli ilimsubiri ukutani inang'aa. Ikabaki Jumamosi, siku moja kabla ya safari yake, akapanga kupanda kilima na rafiki zake wawili wa zamani. Baba yake alisimama mlangoni, tepu ya kupimia shingoni, akamtazama anavyoondoka mpaka akakata kona. Sijamwona mwanamume huyo akitabasamu vile tangu siku aliyozaliwa mtoto mwenyewe.

Nusu saa baadaye alirudi ameibeba baiskeli begani, goti linatoka damu. Rafiki zake alikuwa amewaambia waendelee. Pale kwenye mwinuko wa mashine ya kusaga aliingiza gia kubwa ya nyuma ili apande, cheni haikutosha, ikakaza ghafla na kukwama. Kile kidude cha nyuma kinachoihamisha cheni kikapinda, yeye akaenda chini. Aliigeuza baiskeli miguu juu uani, akaivuta cheni kwa kidole.

"Baba, umeipunguza?"

"Ilikuwa imelegea," alisema mzee.

"Lazima ilegee, Baba. Ikiwa gia ndogo inalegea, ndiyo ikienda kubwa itoshe."

Mzee aliingia chumba cha mbele, tukasikia anafungua makopo, akarudi na kopo la vifungo. Fundi cherehani hatupi kipande. Viungo vyote vinne vilikuwa humo, vimefungwa kwenye kitambaa safi. Tairi alivitazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi, halafu nikaona hacheki tena, analia. Nilitafuta neno la utani nikalikosa. Nikaenda kuleta maji ya kumwoshea goti.

Walikaa uani mpaka saa saba, baba na mwana. Tairi alivirudisha viungo, akakinyoosha kile kidude taratibu kwa mikono, kisha akaamua kuiosha cheni mwenyewe toka mwanzo. Nilikaa kizingitini nikijifanya nachambua mchele. Alishangaa nyuzi alizozitoa kati ya viungo, akauliza zimefikaje. Nikamweleza mimi, maana mzee hangeeleza: kwamba baba yake huiosha kila Jumamosi, na kila Jumamosi huikuta chafu.

"Kila Jumamosi?" aliuliza. "Na nani anaipanda?"

Nikasema hakuna. Mswaki ukasimama mkononi mwake. Akatutazama, baba yake kwanza, kisha mimi, nikajua kinachokuja kabla hajafungua kinywa, kwa sababu siku tisa alikuwa amekibeba na siku tisa nilikuwa nimekikwepa.

"Nimesaini miaka mingine minne," alisema. "Nilitaka kuwaambia siku ya kwanza, nikashindwa."

Nilisema ni vizuri, kazi ni kazi. Mzee alichukua kitambaa, akaifuta cheni kama alivyokwisha kuonyeshwa, kipande kwa kipande, mpaka kitambaa kikawa hakitoi weusi. Ndipo akauliza, sauti yake ya kawaida kabisa, kwamba sasa awe anaiosha baada ya muda gani. Tairi akamjibu kwa upole, na wala hakujua anachomjibu. Alimwambia ikifutwa hivi na kama haipandwi, haihitaji kuoshwa. Aiache tu.

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Mimi ningependelea kuzabwa kofi.

Jumapili tulimsindikiza. Jumamosi iliyofuata, saa nne, mume wangu alifunika cherehani, akatoa chaki sikioni, akaenda kwenye ujia. Nilichungulia nikamkuta amesimama huko. Alikuwa amepitisha kidole kwenye cheni, kidole kikatoka safi. Akarudi, akafunua cherehani, akachukua shati ambalo halikuwa na kosa lolote, akaanza kufumua mkono wake. Jumamosi ya pili ikawa hivyo hivyo. Wiki hiyo hakula vizuri, nami nilikosa hata hamu ya kumsema.

Jumamosi ya tatu iliamkia mvua. Ilipokatika, mzee alitoka kwenda kununua nyuzi dukani. Niliiteremsha baiskeli, usukani ukanigonga kwenye paji la uso. Kuipanda sijui, sijawahi kujua. Niliikokota tu, nikapita nayo kwenye mashine ya kusaga, nikapanda nayo kwenye njia ya mbuzi, pale penye udongo unaoshika. Mwanamke mmoja mwenye kapu la mboga akaniuliza kama nimepata pancha. Nikamwambia hapana, naitembeza. Alinipisha kwa heshima anayopewa mtu aliyerukwa na akili.

Huko juu hapakuwa na mtu. Tope lilikuwa limejaa kwenye gia, pindo la gauni langu limeingia kwenye cheni na kuchanika. Nikasimama nikamwita mwanangu, kwa lile jina tulilompa sisi, si la mtaa. Nikasema kwa sauti, "Rudi nyumbani, mama. Sitaki pesa, sitaki zawadi, nakutaka wewe." Maneno hayo sikuwahi kumwambia kwenye simu hata mara moja. Nililia mpaka nikatosheka, nikajifuta kwa upande wa gauni uliobaki safi, nikashuka.

Mzee alikuwa mlangoni. Aliitazama cheni, ambayo haikuonekana kwa tope, akatazama viatu vyangu, akatazama pindo.

"Umekwenda nayo wapi?"

"Kilimani."

"Umeichafua makusudi."

"Ndiyo," nilisema.

Aliichukua baiskeli mikononi mwangu, akaipeleka uani, akaingia ndani, nikasikia maji yakimiminwa kwenye beseni. Alipotoka alikuwa na miswaki miwili, akanipa mmoja.